Uuguzi wa watu wenye ulemavu wa akili nchini Uingereza: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Wanaoniuliza maswali haya ni wa aina mbili. Kuna wauguzi wenzangu walioko Dar, Mombasa na Kampala, halafu kuna wazazi wa Kiswahili wanaoishi huku Uingereza na wana mtoto mwenye ulemavu wa akili, mara nyingi mtu mzima kabisa. Mimi ni muuguzi wa timu ya jamii kusini mwa England. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito, mengine yanaisha kwa mistari miwili. Sheria ninazozitaja ni za England. Scotland na Ireland Kaskazini wana zao.

Kwa hiyo wewe ni muuguzi wa vichaa?

Hapana. Ulemavu wa akili unaanza kabla ya utu uzima, wengi wakizaliwa nao. Mtu anajifunza polepole kuliko wenzake, anapata shida kuelewa mambo mapya, na anahitaji msaada katika mambo ya kila siku kama fedha, usafiri, kupika au kuoga. Wataalamu huangalia kipimo cha akili (IQ) kilicho chini ya 70, lakini kipimo peke yake hakitoshi. Lazima waone pia jinsi anavyoyamudu maisha. Si ugonjwa, na hakuna kidonge cha kuuondoa. Ugonjwa wa akili, kama sonona au skizofrenia, unaweza kumpata mtu yeyote wakati wowote, na hata hawa ninaowahudumia unawapata.

Chanzo chake kinaweza kuwa cha kurithi au cha kromosomu, kama hali ya Down. Kinaweza kuwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo utotoni, au pombe aliyokunywa mama akiwa mjamzito. Kwa wengi chanzo hakijulikani hata baada ya vipimo vyote. Usonji ni jambo jingine, ingawa vinaweza kuambatana. Mtindio wa ubongo vilevile: mtu anaweza kushindwa kutamka hata neno moja, mikono imekakamaa, na bado akakushinda kwa hesabu. Ndiyo maana sipendi kumhukumu mtu kwa kumtazama kwenye kiti chake cha magurudumu.

Uingereza nzima inakadiriwa kuwa na watu milioni 1.5 wenye ulemavu wa akili.

Kwa nini wawe na muuguzi wao wa peke yao? Si muuguzi yeyote anatosha?

Uingereza, muuguzi anaposajiliwa na baraza la wauguzi na wakunga, NMC, anasajiliwa katika tawi: watu wazima, watoto, afya ya akili, au ulemavu wa akili. Ireland nao wana tawi kama hilo. Nchi zenye mpango huu ni chache mno duniani.

Zamani wauguzi wa tawi hili walifanya kazi ndani ya mahospitali makubwa yaliyojengwa nje ya miji. Watu waliingizwa humo wakiwa watoto, na wengine hawakutoka mpaka walipokufa. Mengi ya mahospitali hayo yalifungwa kuanzia miaka ya 1980, wakazi wakahamishiwa kwenye nyumba za kawaida mitaani. Wengi walidhani kwamba kazi ya muuguzi wao imekwisha, kwa kuwa mtu akishakuwa na nyumba na daktari wa familia, kama alivyo navyo jirani yake, anataka nini zaidi?

Jibu liko kwenye takwimu za vifo. England ina mpango uitwao LeDeR, unaopitia vifo vya watu hawa. Ripoti ya vifo vya mwaka 2021 ilionyesha kwamba asilimia 49 vilikuwa vya kuepukika, wakati kwa watu wengine ilikuwa asilimia 22. Sita kati ya kumi walikufa kabla ya kufika miaka 65. Hawafi kwa ulemavu. Wanakufa kwa nimonia, moyo, saratani, kifafa, na utumbo ulioziba.

Tatizo lina sura moja kila mahali. Mtu anakuja hospitali anajipiga kichwa, halali, hali chakula. Anayempokea anatazama faili, anaona "ulemavu wa akili", anasema: ndivyo alivyo. Hapo uchunguzi unaishia. Kumbe ana jipu kwenye jino. Kazi yangu, nikiipunguza mpaka ibaki mfupa, ni kukataa neno "ndivyo alivyo" mpaka mwili uwe umechunguzwa.

Siku yako kazini inakuwaje?

Sina wodi. Nina gari, simu na orodha ya watu. Asubuhi naweza kuwa kwenye nyumba ya watu wanne nikiwafundisha wahudumu kumpa mtu dawa ya kifafa. Baadaye nikamsindikiza mwanamke kwa daktari wa familia kwa ajili ya uchunguzi wake wa mwaka, ambao ni haki ya kila mwenye ulemavu wa akili kuanzia miaka 14 akishaandikishwa kwenye orodha ya daktari. Mchana kikao na mtaalamu wa umezaji. Jioni makaratasi, na makaratasi ya huku hayaishi.

Wenzangu wengine wako hospitali kubwa kama wauguzi wa uunganishi: wanapigiwa simu mgonjwa wa aina hii akilazwa, wanawaeleza madaktari jinsi ya kumhudumia, wanatafuta chumba kisicho na kelele, wanapanga apasuliwe wa kwanza asubuhi ili asikae na njaa akisubiri. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inailazimisha hospitali kufanya marekebisho ya namna hiyo. Si hisani.

Jambo moja linalochukua muda mrefu na halionekani kwenye takwimu yoyote ni sindano. Kuna mtu anayeogopa sindano kiasi cha kuruka dirishani. Kumtoa damu kunaweza kuchukua wiki kadhaa: leo tunatembelea zahanati tu na kuondoka, siku nyingine anakaa kwenye kiti, siku nyingine anafungwa mpira mkononi, siku nyingine anapakwa krimu ya ganzi. Muuguzi mwenye haraka hapa hafiki popote.

Mtu hazungumzi. Unajuaje kwamba anaumwa?

Kwanza unamjua akiwa mzima. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakutana na mtu akiwa tayari mgonjwa, halafu hawana cha kulinganisha. Mimi nikipewa mtu mpya nataka kumwona siku yake nzuri. Anakaaje, anatoa sauti gani akifurahi, uso wake unakuwaje akishiba, analala upande gani. Yote yanaandikwa. Kuna fomu ya kazi hiyo iitwayo DisDAT, inayoorodhesha dalili za mtu akiwa ametulia na dalili zake akiwa na dhiki. Haikuambii ana nini, ila inakuambia kwamba leo si yule wa jana.

Halafu unafuata mwili. Anayejipiga sikio, tazama sikio na meno. Anayekataa chakula ghafla, tazama kinywa, kiungulia, choo. Anayepiga kelele kila baada ya kula na kupinda mgongo, fikiria tindikali inayopanda kooni. Mwanamke anayekasirika kwa siku chache kila mwezi, angalia kalenda kabla hujaandika neno "tabia". Aliyeacha kutembea huenda amevunjika na hajui kusema. Wengi wana mifupa dhaifu kwa sababu ya dawa za kifafa za miaka mingi. Mtu mwenye hali ya Down anayezidi kuzubaa na kunenepa, pima tezi ya shingo. Akiwa na miaka arobaini na kitu na ameanza kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, fikiria Alzheimer, maana kwao inakuja mapema sana kuliko kwa watu wengine. Lakini usiifikirie kabla ya kupima tezi, macho na masikio. Nimeona mtu akiambiwa ana ugonjwa wa kusahau kumbe masikio yamejaa nta.

Na unamuuliza anayemjua. Dada anayemvalisha soksi kila asubuhi ataona mguu umevimba kabla ya daktari yeyote. Akikwambia "leo hayuko sawa" na hawezi kueleza kwa nini, hiyo ni taarifa ya kitabibu, iandike kama ilivyo. Upo mfano mchungu. Oliver McGowan, kijana wa miaka 18 mwenye usonji, kifafa na ulemavu mdogo wa akili, alifariki Bristol mwaka 2016 baada ya kupewa dawa ya kutuliza ya aina ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wamewaambia madaktari asipewe, kwa sababu ilishamdhuru. Mama yake alipigania jambo hilo, na tangu Sheria ya Afya na Huduma ya mwaka 2022 wafanyakazi wa huduma zilizosajiliwa England wanatakiwa kufundishwa kuhusu ulemavu wa akili na usonji. Mafunzo rasmi yaliyotayarishwa kwa ajili hiyo yana jina la Oliver.

Kwa wanaoelewa kidogo, tunatumia picha na ishara za mikono za Makaton. Sentensi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja, halafu unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kurudia swali.

Mbona wauguzi wa huku mnazungumza sana kuhusu choo?

Kwa sababu kinaua. Mtu asiyetembea, anayekunywa maji kidogo, anayekula vyakula laini visivyo na makapi, anayetumia dawa za kifafa na za kutuliza, utumbo wake unalala. Hasemi tumbo linauma. Anakasirika, anaacha kula, anatapika, na siku utumbo ukiziba au kutoboka muda wa kumwokoa ni mfupi. England kuna vifo vya namna hiyo vilivyofika mahakamani na kuchunguzwa, vya watu wazima waliokuwa na walezi, madaktari na mafaili manene.

Kwa hiyo kila nyumba ninayoingia nauliza chati ya choo. Tunatumia ile ya Bristol yenye aina saba, kuanzia vigololi vigumu vya aina ya 1 mpaka maji matupu ya aina ya 7. Mtego mkubwa uko hapo kwenye 7: mhudumu anaona maji, anasema anaharisha, anamkatisha dawa ya kulainisha choo. Kumbe ni maji yanayopita pembeni ya kile kilichokwama. Gusa tumbo. Tazama chati ya wiki mbili nyuma. Uliza pia kama anakaa vizuri chooni, miguu imepata pa kukanyaga, na kama anapewa faragha. Wapo wanaozuia kwa sababu tu mlango hauna komeo.

Na kifafa, na kupaliwa?

Katika watu wote, mwenye kifafa ni kama mmoja kwa mia. Kwa wenye ulemavu wa akili ni zaidi ya mmoja kwa watano. Kila mmoja ana mpango wake wa maandishi: degedege lake linaonekanaje, likipita dakika ngapi apewe midazolamu, dawa ya kukatiza degedege, ndani ya shavu (mara nyingi ni dakika tano), na lini tupige 999, namba ya dharura. Sheria nyingine iliyoandikwa kwa machozi ni ya bafu. Mwaka 2013 kijana wa miaka 18 alizama ndani ya beseni la kuogea katika kitengo cha hospitali kwa sababu ya kifafa, akiwa peke yake bila mtu wa kumwangalia. Tangu hapo mwenye kifafa akioga, swali la nani yuko karibu linajibiwa kabla maji hayajafunguliwa.

Kupaliwa kunaleta nimonia, na nimonia iko juu kabisa kwenye orodha ya vifo vyao. Mtaalamu wa umezaji anapima, kisha anaandika ngazi ya chakula na kinywaji, kuanzia 0 hadi 7, kwa utaratibu wa kimataifa uitwao IDDSI. Hapa familia zetu hupata tabu, kwa kuwa vijitabu vyote vina picha za viazi vilivyopondwa. Kwa uzoefu wangu wali ni mgumu kuliko watu wanavyodhani, maana punje zinatawanyika kinywani. Chapati inahitaji meno na nguvu. Ugali mkavu unakwama. Uji, mtori uliopondwa vizuri, ndizi zilizoiva sana, maharage yaliyochujwa maganda: hivyo vinaweza kuingia kwenye mpango, mradi mtaalamu aviangalie kwanza. Mpelekee chakula chenyewe kwenye bakuli akione. Mama mmoja alifanya hivyo na mtaalamu akaondoka na mapishi.

Wanapiga? Kazi hii ni ya hatari?

Wengi hawapigi mtu maisha yao yote. Wachache wanapiga, wanang'ata, wanavunja vitu, na nisingependa kumdanganya mtu anayetaka kuingia kazini. Lakini ngumi ya mtu asiye na maneno ni ujumbe, na ukishausoma mara nyingi haitokei tena: maumivu, njaa, kelele, kuguswa ghafla, kuhamishiwa kwa wahudumu wapya, kuchoshwa na siku isiyo na kazi.

Njia ya mkato ni dawa. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ya England ilikadiria kwamba watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wanameza kila siku dawa za magonjwa ya akili bila kuwa na ugonjwa ambao dawa hizo zinautibu. Mwaka uliofuata ikaanzishwa kampeni ya STOMP kuzipunguza. Kupunguza ni kazi ya miezi, tone kwa tone, huku familia ikiwa na hofu na wahudumu wakilalamika. Naiona kuwa kazi yenye faida kuliko nyingi ninazofanya, kwa sababu mtu aliyekuwa anakoroma kwenye sofa mchana kutwa anaanza kudai kwenda dukani.

Nguvu za mikono nazo zina historia mbaya. Mwaka 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha kwa kamera ya siri wafanyakazi wa Winterbourne View, hospitali ya watu wenye ulemavu wa akili karibu na Bristol, wakiwatesa wakazi. Watu kumi na moja walitiwa hatiani, sita wakafungwa. Kila ninapowafundisha wahudumu wapya nawaambia watazame sehemu ya kipindi hicho, si ili waogope, bali waone kwamba mambo yalianza na mzaha mdogo ambao hakuna aliyeukemea.

Mwanangu ana miaka 25. Kwa nini hospitali inakataa nisimsainie?

Hili linawaumiza wazazi wetu kuliko yote, na naelewa. Umemlea, umemlisha kwa mkono wako, leo msichana wa mapokezi anakwambia "ni mtu mzima".

Sheria ya uwezo wa kuamua ya mwaka 2005 inasema kila mwenye miaka 16 na kuendelea anahesabiwa kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na uwezo unapimwa kwa uamuzi mmoja mmoja. Anaweza kuchagua nguo na chakula lakini asiweze kuamua kuhusu upasuaji. Tunaangalia kama anaelewa maelezo, anayashika muda wa kutosha, anayapima, na anaweza kuonyesha jibu lake kwa njia yoyote, hata kwa macho. Akishindwa baada ya kusaidiwa kwa kila njia, uamuzi unafanywa kwa maslahi yake, na hapo mzazi lazima ashirikishwe. Hausaini wewe, lakini sauti yako inatakiwa isikike na iandikwe. Wakikuacha nje ya kikao, uliza kwa upole: "Uamuzi wa maslahi yake umefanywa lini, na mimi nimeshauriwa wapi?" Swali hilo linafungua milango mingi.

Angalia pia karatasi ya kutofufuliwa moyo ukisimama. Wakati wa Uviko-19 mwaka 2020, ilibidi NHS England, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, itoe barua kukumbusha kwamba ulemavu wa akili au hali ya Down si sababu ya kumwekea mtu karatasi hiyo. Ukiiona kwenye faili na sababu iliyoandikwa ni ulemavu, ipinge siku hiyo hiyo.

Familia za Kiswahili huku zinahitaji kujua nini zaidi?

Mwandikisheni kwa daktari wa familia kama mtu mwenye ulemavu wa akili. Wapo wanaokwepa neno hilo lisiingie kwenye faili, na matokeo yake mtoto anakosa uchunguzi wa mwaka na chanjo ya mafua ya bure.

Dai mkalimani. Usimtumie mdogo wake wa miaka kumi na minne kumtafsiria mama habari za hedhi ya dada yake.

Ramadhani huniletea simu nyingi. Saumu si wajibu kwa asiyeweza kuielewa, na ustadhi wenu atawaambia hivyo, lakini wapo wanaotaka kufunga kwa sababu nyumba nzima imefunga. Mwenye kifafa asisogezewe vidonge vya asubuhi kwenda magharibi bila kuzungumza na sisi. Mara nyingi tunapata njia: anaamka kula daku na wenzake, anakaa nao kwenye futari, na mchana anakunywa dawa zake na maji yake bila mtu kumfanyia kelele.

Na jambo la adabu. Mtu wa miaka hamsini mwenye hali ya Down anakaa sebuleni, mjukuu wa jirani anaingia, anawaamkia wote anamruka yeye. Mwamkie. Shikamoo yake ni yake kwa umri wake, na wengi wanaijua na wataitikia marahaba kwa sauti ya kuezua paa.

Mimi ni muuguzi niliyesomea huko nyumbani Afrika Mashariki. Naweza kuingia kwenye tawi hili?

Usajili wa NMC unafuata ulichosomea. Ukisoma uuguzi wa jumla, utasajiliwa kama muuguzi wa watu wazima: mtihani wa kompyuta, halafu mtihani wa vitendo uitwao OSCE, pamoja na mtihani wa Kiingereza, ama IELTS ama OET. Baadhi ya nyumba za huduma huajiri wauguzi wa matawi mengine, kwa hiyo unaweza kufanya kazi na watu hawa bila kuwa na tawi lenyewe. Kulipata tawi ni kusoma shahada ya miaka mitatu, au kozi fupi zaidi kwa wenye shahada nyingine.

Kenya ina makubaliano na Uingereza ya kuajiri wahudumu wa afya tangu mwaka 2021, na waajiri wanatakiwa kupitia humo. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, kwa hiyo mwajiri wa huku haruhusiwi kuja kuwatafuta huko, ingawa wewe mwenyewe ukiomba kazi moja kwa moja si kosa. Wakala anayekuja na fomu mkononi hotelini, mwogope. Na anayekuuzia visa ya uhudumu wa kawaida wa majumbani anakuuzia hewa: mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025.

Mshahara?

Muuguzi anayeanza NHS England, daraja la 5, alilipwa £29,970 kwa mwaka katika mwaka wa 2024/25, kabla ya kodi. Kusini, pango la nyumba linakula sehemu kubwa sana. Piga hesabu kabla ya kumuahidi mtu nyumbani kiwanja.

Nani atamtunza mwanangu nikifa?

Wazazi wananiuliza wakiwa wamesimama mlangoni, nikiwa tayari nimeshika funguo za gari. Narudi ndani nakaa. Huku unaweza kuomba tathmini ya ustawi wa jamii sasa, ukiwa hai na mwenye nguvu, ili ahamie nyumba ya msaada polepole: kwanza siku moja, kisha usiku mmoja, kisha wiki. Anayehamishwa usiku wa msiba amepoteza mama, kitanda na chakula alichozoea kwa siku moja. Andika pia vile vitu ambavyo ni wewe tu unavijua, kama wimbo wa kumlaza au kikombe chake ambacho bila hicho hanywi. Na ashirikishwe kwenye mazishi. Kumficha kifo hakumkingi. Anabaki akisubiri mlango ufunguliwe.

Niko Tanga (au Kisumu), siendi Ulaya. Nianze wapi kesho kazini?

Tawi hili halipo kwetu, kwa hiyo mtu huyu anakutana na yeyote aliye zamu: wa zahanati, wa kliniki ya watoto, wa afya ya akili. Mengi niliyoyaeleza hayahitaji fedha. Chukua ukurasa mmoja wa daftari uandike na mama: jina analopenda kuitwa, anasemaje ndiyo na hapana, anaonyeshaje maumivu, anatumia dawa gani, degedege lake likoje, anakula nini na kwa mkao gani, nani apigiwe simu. Huku tunaita pasipoti ya hospitali na tunaipaka rangi nyekundu, manjano na kijani. Kalamu ya bluu inatosha.

Mpime uzito kila akija, hata kama amekuja kwa kikohozi. Anayekonda kimya kimya huenda anapaliwa au anaumwa na meno. Mwonyeshe mama kumlisha akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wanalishwa wakiwa wamelala chali mapajani, na uji unaingia mapafuni. Mwenye kifafa asikatishwe fenobabitoni ghafla eti amepona au ameombewa. Kukatisha kwa ghafla kunaleta degedege lisilokoma. Akianguka ageuzwe ubavu, na kijiko kisiingizwe kinywani.

Msichana akija na uchafu ukeni au mimba, au ghafla anaogopa kuvuliwa nguo, zungumza naye faragha, kwa picha au mwanasesere ikibidi, na usikubali aliyemleta ajibu kila swali. Watu hawa wanabakwa kwa sababu mbakaji anaamini hawatasadikiwa. Ripoti polisi na ustawi wa jamii.

Kama uko wodi ya wazazi, sehemu ya kazi hii iko mikononi mwako kabla mtoto hajafika kwangu: mtoto asiyelia asaidiwe kupumua ndani ya dakika ya kwanza, na mtoto mwenye macho na ngozi ya njano siku ya kwanza apimwe siku hiyo hiyo, asitolewe nje kuota jua. Manjano ya siku ya kwanza si ya kusubiri.

Ule ukurasa wa daftari mpe mama autie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, na nakala ibaki kwenye faili lako. Akija mwenzako wa zamu ya usiku, mwonyeshe ulipo.